Vitabu Vikuukuu vya Cambridge

Wasomaji wengi wamepata kusikia jina la Cambridge, kwa kuwa ndiko David Livingstone alikohutubu tarehe 4 Desemba 1857, na kwa maneno yake ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864. Leo twapenda kueleza habari nyingine ya mji huo, nayo ni ya vitabu vyake vikuukuu.

Mtu akiondoka London asubuhi kwa treni hufika Cambridge kwa muda wa saa moja hivi, akatembea mchana kutwa na kurudi jioni. Wengi hufanya hivyo, wala si kwa kutazama majumba ya kale tu, bali kwa kupekua vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine. Karibu na soko pana kichochoro chenye kanisa dogo la Mtakatifu Edward, na kando ya kanisa lipo duka la David. Huyo Gustave David alikuwa mtu wa Paris. Mwaka 1896 alifungua kibanda sokoni, akauza vitabu vikuukuu kwa bei ndogo. Alipokufa mwaka 1936, wataalamu waliokuwa wakinunua kwake walimwandikia kijitabu cha sifa, kikapigwa chapa na chuo kikuu chenyewe mwaka 1937. Heshima ya namna hiyo wachuuzi wa sokoni hawaipati kila siku!

Kanisa lile nalo lina habari zake. Mkesha wa Noeli mwaka 1525 Robert Barnes alihubiri humo akiwalaumu maaskofu, akashitakiwa. Siku zile hata kitabu kilikuwa hatari. Agano Jipya la William Tyndale lilipigwa chapa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri. Askofu wa London akaagiza lichomwe moto. Katika maelfu ya nakala zile, zajulikana leo 3 tu.

Wala si moto peke yake uliopoteza vitabu. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa, tangu 1536 hata 1540, vitabu vyao vilitawanyika ovyo. John Bale, ambaye hakuwapenda watawa hata kidogo, alilalamika mwaka 1549 kwamba wanunuzi walisugulia viatu na vinara kwa kurasa zile, na nyingine waliwauzia wenye maduka na wauza sabuni. Sisi tuliokwisha kuona karanga zikifungwa kwa kurasa za vitabu hatuwezi kuwacheka.

Basi Matthew Parker, aliyesoma Cambridge na kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1559, alituma watu kuvitafuta vilivyosalia. Mwaka 1574 alikipa chuo chake, Corpus Christi, mamia ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, akaweka sharti kali: kila mwaka watu wa vyuo viwili vingine waje wavihesabu, na vikipotea vingi, chuo kinyang'anywe vyote. Navyo vingali pale, mwendo wa dakika chache kutoka duka la David.

Kimojawapo ni Injili iliyoandikwa juu ya ngozi katika nchi ya Italia, karne ya 6. Yasadikiwa kwamba ililetwa na Agostino, aliyefika Kent mwaka 597, au na wenzake waliomfuata. Hata siku hizi hupelekwa Canterbury askofu mkuu mpya anaposimikwa. Kurasa zake kubwa za picha zilizobaki ni 2, nyingine zimepotea.