Habari za Hukwe Zawose, Mwimbaji wa Bagamoyo

Katika historia ya uimbaji wa nchi yetu, toka Mkange hata Bagamoyo, haifai kumsahau Hukwe Zawose. Hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma. Nao Wagogo huimba kwa sauti nyingi zipatanazo pasipo kitabu cha noti. Zeze alifunzwa na babaye. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam apate kuimba mbele ya taifa. Kisha Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, akafundisha humo muziki, kando ya walimu wa ngoma na michezo ya kuigiza. Sauti yake ilishuka chini mno, ikapanda juu mno, hata ikasikiwa Ulaya na Marekani. Alifariki Bagamoyo Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao, Maisha. Nao hapo kwanza walikuwa waitikiaji tu.

Basi, enyi walimu, tazameni: aliyefunzwa nyumbani alikuja kufunza chuoni. Nyimbo za wazee tuwafunze watoto wangali hai wenye kuzijua. Maana wimbo ukizikwa pamoja na mzee, hapana chuo kiwezacho kuurudisha.