Kutoka kisima cha Aswan hadi bikoni za Ngokolo

Kiwanja kilichopimwa Ngokolo, hapa Manispaa ya Shinyanga, kina bikoni kila pembe: zege lililozamishwa ardhini, kipande cha chuma katikati, na namba. Namba hiyo ina majira yake kwenye ramani ya upimaji, na majira hayo yamebeba jambo ambalo dalali hatakutajia: ukubwa wa dunia. Uso uliopinda haulazwi kwenye karatasi mpaka kwanza ujulikane umepinda kiasi gani, na hapo ndipo nusukipenyo kinapohitajika.

Wa kwanza kukipata kwa hesabu tunayoifahamu alikuwa Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alisikia kwamba Aswan, siku moja ya mwaka, jua la mchana hufika hadi chini ya kisima. Siku hiyo Alexandria kijiti kilitoa kivuli, pembe yake ikiwa sehemu ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili kwa 50, akapata mzingo.

Hesabu hiyo inafanyika hapa pia, tena kwa raha, kwa sababu Mbeya iko kusini mwa Shinyanga karibu kwenye mstari uleule wa longitudo. Mwanzoni mwa Oktoba, kama saa sita na nusu mchana, mti uliosimikwa wima Ngokolo hauna kivuli. Mbeya, dakika hiyohiyo, mti wa mita moja unatupa kivuli cha sentimita 9 hivi. Pembe yake ni nyuzi 5 na robo. Umbali wa moja kwa moja ni takriban kilomita 580. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 5.25: mzingo ni kilomita 39,771. Ugawe tena kwa mara mbili ya pai, unapata nusukipenyo cha kilomita 6,330. Wastani unaokubalika leo ni 6,371. Kwa vijiti viwili na futi ya mwanafunzi, si haba.

Kipenyo basi ni 12,742. Eneo la uso tunadaiwa na Archimedes, aliyethibitisha kuwa uso wa tufe ni sawa na maduara manne yenye nusukipenyo chake: kilomita za mraba milioni 510. Karne ya 11 mwanazuoni Al-Biruni alipima nusukipenyo kwa njia nyingine, akiwa juu ya mlima mmoja tu, kwa kuangalia upeo wa macho umeinama kiasi gani.

Afrika iliingia katika upimaji huu kwa kishindo baada ya David Gill kufika Cape mwaka 1879 kuongoza kituo cha kuangalia nyota. Alitaka mnyororo wa pembetatu za upimaji kutoka kusini mwa bara hadi Misri, ukifuata longitudo ya nyuzi 30, takriban kilomita 7,000. Hakuuona ukikamilika. Sehemu ya magharibi ya Tanganyika ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Martin Hotine, mwanajeshi wa Uingereza, kutoka kilele hadi kilele. Pengo la mwisho, Sudan, lilizibwa mwaka 1954.

Matunda yake ni mfumo wa majira wa Arc 1960, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Umejengwa juu ya vipimo vya dunia vya mpimaji Clarke vya mwaka 1880, vyenye nusukipenyo cha ikweta cha mita 6,378,249. Simu na GPS hutumia WGS84: mita 6,378,137. Tofauti ni mita 112 tu, lakini kitovu cha tufe lenyewe nacho kimewekwa mahali pengine, hivyo majira yaleyale hapa kwetu yanaangukia sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita 300.

Kwa mchimbaji wa Geita huo si utani. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu ina ukomo wa hekta 10, yaani mraba wenye upande wa mita 316. Akiwa na karatasi ya Arc 1960 na GPS iliyoachwa kwenye WGS84, anaweza kuchimba duara lake, yaani shimo lake, lote ndani ya leseni ya jirani, akiapa kwamba mashine imemwelekeza sawasawa. Tanzania sasa ina mfumo mpya, TAREF11, unaokubaliana na satelaiti. Ramani za zamani bado zimo makabatini, na anayezitumia lazima aulize kwanza zilichorwa kwa mfumo upi.