Kabla Hujachangia Sare ya Ukoo, Fungua Kwanza Sanduku la Bibi

Mwezi wa 12 ndio huo unakuja, na nyie wa Babati mnajua maana yake. Grupu la ukoo la WhatsApp lililolala tangu msiba wa mwisho limeamka, mweka hazina anatupia majina ya waliochanga na ambao bado, na shangazi kaleta picha tatu za vitenge tuchague sare. Kwetu mjadala wa sare umekula wiki mbili. Mjadala wa nani atakaa na wazee awaulize habari za ukoo haujakula hata dakika tano.

Mimi nimesema hela ya sare ipunguzwe, tushone kitambaa kimoja kikubwa cha viraka kutoka kwenye nguo za wazee wetu. Jamaa mmoja akanijibu kwamba viraka ni umaskini, sherehe inataka kitu kipya. Basi bana, twende taratibu, maana kihistoria huyu ndugu yangu kapotea.

Kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuungaunga. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na pwani walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyochapwa maua, na hata jina tumelitoa kwa Wareno. Badala ya kununua moja moja, wakaanza kukatiwa sita kwa mpigo, wanazigawa tatu tatu, kisha wanaziunga kwa sindano mpaka inatoka nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona mitindo hiyo ndipo wakaanza kuchapa nguo nzima. Maneno ya kanga yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Ona sasa: mwenye duka jina lake tunalo. Wale wanawake waliobuni kwa sindano zao, hata mmoja hatumjui.

Huku kwetu ni hivyo hivyo. Wagorowa, ambao wengi mnawaita Wafyomi na ndio wenyeji wa hapa Babati, pamoja na ndugu zao Wairaqw tunaowaita Wambulu, walikuwa na marmo. Wasichana waliwekwa ndani kwa muda, wanafundwa na wanawake wakubwa mambo ya utu uzima. Kule ndani hawakukaa bure. Walitengeneza sketi za ngozi na kuzidarizi kwa shanga, mistari na maumbo ya duara, kazi ya subira kwelikweli. Msichana akitoka, ile sketi ndiyo ilikuwa inamtangaza kwamba huyu sasa ni mwanamke. Hizo shanga zilitoka mbali, zilipanda na misafara kutoka pwani. Kwa hiyo hata bibi wa bibi yako alikuwa anavaa dunia nzima kiunoni, wewe unajiona wa kisasa kwa sababu ya Instagram.

Marmo ilikoma wakati wa mkoloni. Baadhi ya sketi sasa ziko kwenye makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji huko Ulaya na Marekani, na mara nyingi maelezo yake yanaishia kwenye jina la kabila na nchi. Nani alishona? Kimya. Hicho ndicho kinachoniuma, na ndicho kinachotokea kwenye masanduku yetu pia, ila sisi hatuna hata makumbusho. Kanga ya bibi inageuka dekio.

Na kama bado unadhani viraka ni ushamba, sikia hii. Karne ile ile ya 19, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinaleta Unguja kitambaa cheupe kigumu, ndicho kikaitwa merikani, kikaingia bara mpaka kikawa kama hela. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Wajukuu wa watumwa kama hao, kijiji kinaitwa Gee's Bend huko Alabama, wanawake walikuwa wanashona mablanketi ya viraka kutoka kwenye nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasife baridi. Mwaka 1942 mjane mmoja alichukua nguo za shamba za marehemu mumewe akazishona blanketi, apate kumkumbuka na kujifunika. Mwaka 2002, mwaka ule ule mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa, mablanketi ya kijiji kile yalitundikwa kwenye jumba kubwa la sanaa Houston. Mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta. Umaskini huo!

Sababu yangu kubwa lakini ni ya hapa hapa. Angalia ukoo wa Babati ulivyo. Bibi Mgorowa, babu Mrangi wa Kondoa, mke wa mjomba Mmbulu wa Dareda, shemeji Mdatoga wa Katesh, na mkwe Mmbugwe wa Magugu. Eneo hili la Babati na jirani zake linakutanisha Wakushi, Waniloti na Wabantu, ukisogea kidogo unawakuta Wasandawe na Wahadzabe. Sare inawafanya wote wafanane kwa siku moja, picha inapendeza, basi. Kitambaa cha viraka kinaonyesha nani katoka wapi.

Kwenye utekelezaji nimeshapiga hesabu. Viraka 35, kila kimoja sentimita 32 kwa 32 ili ibaki nafasi ya mshono. Vikiungwa vitano kwa saba unapata kama mita 1.5 kwa 2.1, saizi ya kitanda. Kanga iliyochakaa inachanika, kwa hiyo mwambie fundi aweke kitambaa kigumu nyuma yake. Kila kiraka kidarizi jina la mwenyewe kwa uzi, jina kamili, sio "bibi" tu. Sketi ya ngozi kama ipo msiiguse na mkasi, pigeni picha. Na nguo za marehemu waulizeni wazee kwanza, koo nyingine zina taratibu zake, usije ukaharibu sherehe.

Hela? Kwetu michango inafuata mbaazi. Mnakumbuka 2017 India ilipobana mbaazi kuingia kwao, bei ikalala chini, kila kitu kikasimama. Viraka havingoji soko. Watu wenyewe wanafika, tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe 2018 hakuna wa kusingizia barabara.

Mimi kiraka changu nakijua. Kuna bibi yetu yuko Bonga, ana upande mmoja wa kanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Dar tulichojengewa na Wachina. Mwenzake wa doti alimbebea mtoto ukaisha. Kila akiukunjua anaanza kutaja watu ambao kwenye grupu letu hakuna anayewajua. Jumamosi napanda gari kwenda kwake na simu yenye chaji. Nyie kwenu, kiraka cha kwanza kingekuwa cha nani?