Msitu wa kale wa Axel Heiberg

Msitu huu wa visukuku upo katika kisiwa cha Axel Heiberg, Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, karibu na latitudo 80. Miti yake, hasa Metasequoia, iliota takriban miaka milioni 45 iliyopita, katika kipindi cha Eosini. Leo hakuna mti unaosimama huko. La ajabu ni kwamba magogo yake hayakugeuka mawe: bado hukatika kwa msumeno na hushika moto. Kwa hiyo selulosi yake imesalia, na ndani yake alama ya maji ambayo miti ilikunywa. Oksijeni ya maji huwa nyepesi (oksijeni-16) au nzito (oksijeni-18). Maji mepesi hugeuka mvuke upesi zaidi kutoka kwenye jani, mazito yakabaki. Kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo mazito yanavyozidi. Mwaka 2003 Hope Jahren na Leonel Sternberg walitumia uwiano wa oksijeni hizo mbili katika selulosi kukadiria kwamba hewa ya msitu huo ilikuwa na unyevu mwingi. Magogo yakishafukuliwa huharibika haraka, na kila kipande kinachochukuliwa na wageni ni ushahidi usiorudi.