Kutuma stempu na noti kuukuu kwa posta: Yapasayo kuzingatiwa

MKAZI wa Kiandutu, mjini Thika, aliye na stempu za miaka ya 1960 au noti za zamani anaweza kupata mnunuzi ng’ambo. Hata hivyo, pembe ikikunjika thamani hushuka, na kanuni zikipuuzwa huenda mali isifike kabisa.

La kwanza kufahamu ni kwamba si kila kilicho bapa huwa barua. Tangu 2018, Umoja wa Posta Duniani (UPU), wenye makao yake Bern, Uswisi, hutenganisha hati na bidhaa. Stempu inayouzwa ni bidhaa, hata ikiwa katika bahasha nyembamba. Kwa hivyo hubandikwa fomu ya forodha ya CN 22, inayoeleza kilichomo, uzito na thamani. Kuandika “zawadi” pekee hakutoshi.

Vipimo navyo huamua malipo. Barua ndogo ya kimataifa haipaswi kuzidi milimita 245 kwa 165, unene wa milimita 5 na uzito wa gramu 100. Kubwa ina upeo wa milimita 381 kwa 305, unene wa milimita 20 na gramu 500.

Katika kupakia, tia stempu ndani ya kifuko angavu cha plastiki. Kiweke kati ya kadibodi mbili zinazokizidi pande zote, kisha uzifunge kwa selotepu isiyogusa stempu. Epuka pini, kwani huacha alama na kutu.

Noti na sarafu zahitaji tahadhari zaidi. Mkataba wa UPU hauruhusu zitiwe katika barua isiyo na bima, ila kwa barua ya rejista iwapo sheria za nchi zote mbili zakubali. Noti ya zamani ya Sh1,000 ilikoma kuwa pesa halali baada ya Septemba 30, 2019, lakini machoni pa afisa wa forodha ingali noti. Uliza kwanza kwenye kaunta.

Anwani ya mtumaji ni lazima iwe kamili. Asiye na sanduku la posta aombe idhini ya kutumia la jamaa, shule au kanisa, na aandike msimbo: Thika ni 01000, Ruiru 00232. Bila hiyo, bahasha iliyokataliwa haina pa kurudi.

Mwisho, piga picha ya mali hiyo mbele na nyuma, na uhifadhi risiti. Malalamiko ya barua ya rejista hupokelewa ndani ya miezi 6 pekee.