Mwethya, Mchanga na Mikuyu: Ukambani Walivyojifunza Kulinda Urithi Wao

Ndugu msomaji, ukiwa Mombasa ukafungua mfereji, sehemu ya maji yale huenda ilinyesha kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni. Vilima vile ni vya mawe ya volkano na juu yake hakuna mto. Mvua inazama ardhini, inasafiri chini kwa chini, kisha inatokeza kwenye chemchemi za Mzima. Kutoka hapo, tangu miaka ya 1950, bomba linayaleta maji Pwani. Basi ukisikia miti ya Chyulu inakatwa, usiseme "hayo ni mambo ya Wakamba huko bara". Ni mambo yako.

Swali ni hili: nani mwenye kazi ya kulinda mali kama hii? Serikali? Wazee? Wafadhili? Historia ya Kitui na Makueni ina jibu, na ni jibu lililopatikana kwa taabu.

URITHI WENYEWE NI UPI?

Tukisema urithi, wengi hufikiria majumba ya kale kama ya Lamu au Gedi. Ukambani hakuna magofu ya namna hiyo, na ndiyo maana watu hudhani hakuna kitu. Hebu tuangalie.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara. Walishuka Pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na chumvi. Mmoja wao, Kivoi wa Kitui, alikuwa na jina kubwa mpaka Rabai na Mombasa. Ni katika safari ya kwenda kwake ambapo mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo aliloliandika, na mwishowe likawa jina la nchi yetu nzima. Baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu nayo ikapanda bara, na Uislamu ukafika Kitui kwa njia hizo hizo za biashara.

Halafu kuna maumbile. Kuna jiwe la Nzambani karibu na Chuluni, ambalo wazee husimulia kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Kuna milima ya Mumoni, Nzaui na Mbooni. Kuna msitu wa Kibwezi na chemchemi zake. Na kuna mito ya mchanga, ambayo mgeni huiona mikavu, kumbe maji yamo ndani.

MATHEMBO: MSITU ULIOLINDWA BILA ASKARI

Zamani kila eneo la Ukambani lilikuwa na ithembo, yaani mahali pa kutolea tambiko, mara nyingi chini ya mikuyu mikubwa na karibu na maji. Mathembo yalisimamiwa na wazee wa kiume na wa kike. Hakuna aliyekata mti pale wala kuchunga mbuzi. Hapakuwa na ua wala askari wa misitu, na bado miti ilisimama vizazi na vizazi.

Hapa kijana wa Kiislamu anaweza kuuliza: tambiko si letu, sasa tulinde vipi? Jibu si gumu. Hakuna anayekuomba utambike. Mkuyu ni mkuyu na chemchemi ni chemchemi, na vyote ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Sisi wenyewe tuna mfano wa hima: Mtume (s.a.w.) alitenga malisho ya Naqi' karibu na Madina, na miti ya Madina ikawekewa heshima isikatwe ovyo. Fikra ya kutenga mahali kwa faida ya wote haikuanza na wazungu. Dini ilipobadilika Ukambani, kwa Wakristo na kwa Waislamu, hofu ya ithembo iliondoka, na pengo halikuzibwa. Mahali pengi shoka liliingia.

AMRI YA MWAKA 1938

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake. Ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na masetla, Wakamba wakabanwa ndani ya rizavu, na udongo ukaanza kuporomoka. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti ya kutisha juu ya mmomonyoko katika rizavu ya Machakos, ambayo wakati ule ilichanganya na Makueni ya leo. Dawa ya serikali ikawa moja: mifugo ipunguzwe kwa nguvu.

Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Watu hawakuulizwa. Wakaamka, zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda mpaka Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu. Lakini serikali ilisalimu amri, na ule upunguzaji wa lazima ukasimamishwa. Leo barabara katikati ya Nairobi ina jina la Muindi Mbingu.

Tusidanganyane hapa. Maher hakusema uongo, udongo ulikuwa unakwisha kweli. Kilichokosekana ni wenyeji kushirikishwa. Mpango wa kweli ukiletwa kwa kiboko, watu huukataa pamoja na ukweli wake.

MWETHYA YAFANYA KAZI

Wakamba walikuwa na desturi yao iitwayo mwethya: majirani wanakusanyika, leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, wanalima au wanajenga pamoja. Katika miaka ya 1950 na hasa baada ya uhuru, vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, vilianza kuchimba matuta mashambani kwa hiari. Aina moja ya tuta, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, ikaitwa "fanya juu". Jina hilo la Kiswahili sasa liko katika vitabu vya kilimo duniani kote.

Matokeo? Mwaka 1932 wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni, ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1994 walikuta mmomonyoko umepungua na miti imeongezeka mashambani. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Aliyeamua ndiye aliyebadilika.

Kitui nako, kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL pamoja na wanakijiji walijenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa juu ya mwamba ndani ya mto mkavu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake maji yanakaa bila kukaushwa na jua. Wanakijiji hutoa mawe na nguvukazi. Mama aliyekuwa akitembea masaa kutafuta maji sasa anachimba karibu na nyumbani.

HATARI YA LEO

Lakini mchanga ule ule ni pesa. Malori yanauchukua kwenda kujenga Nairobi. Mchanga ukiondoka, na maji yameondoka. Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na mwanzoni mwa 2018 Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa na kusafirisha mchanga nje ya kaunti. Ni hatua, ila marufuku peke yake inaweza kurudia kosa la 1938. Anayechoma makaa ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Asipokuwa ndani ya kikao, atakuwa msituni usiku.

Wenzetu Wamijikenda wametuonyesha njia. Kuanzia 1992 misitu yao ya kaya iliandikishwa kama turathi za taifa, huku wazee wa kaya wakibaki walinzi wake. Mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sheria ilikuja kuwatia nguvu wazee, haikuja kuwafukuza.

Na mlango sasa uko wazi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ni ya 2006. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inataka wananchi washirikishwe katika kulinda mazingira. Tangu 2013 kila kaunti hutengeneza mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, na Makueni imepata sifa kwa kuanzia vikao vyake vijijini.

KAZI YETU VIJANA

Vikao hivyo, ndugu zangu, mara nyingi vijana hawaendi. Wanaokwenda wanaomba barabara na zahanati, ambavyo ni haki. Nani ataitaja mikuyu? Nani ataitaja chemchemi?

Idd ikifika, wengi tutarudi makwetu. Chukua daftari au simu, ukae na babu na nyanya. Uliza: miti gani haikukatwa? Maji ya zamani yalikuwa wapi? Misafara ilipita njia gani? Andika majina yote, chora ramani ya kijiji, kisha ipeleke kwenye kikao cha wadi na uhakikishe imeandikwa ndani ya mpango. Mahali pasipokuwa na jina kwenye karatasi hupewa mwenye lori.

Wazee wa 1938 walitembea mpaka Nairobi ili wasikilizwe. Sisi kikao kiko shule ya msingi ya jirani. Twendeni, Inshaallah.