Jina la Profesa Ali Mazrui katika mtaa wa Sanyuanli

Sanyuanli, kaskazini ya kituo cha reli cha Guangzhou, ni mtaa wenye kumbukumbu mbili. Mwezi wa Mei 1841, katika Vita vya Kasumba, wanavijiji wake waliwainukia askari wa Kiingereza kwa majembe na mikuki, na mnara wa ukumbusho wao ungali umesimama. Kumbukumbu ya pili ni ya juzi: wafanyabiashara wa Kiafrika wanaofika hapo kununua nguo, mikoba na saa kwa jumla.

Tulipopita hapo tulimkuta kijana wa Mombasa akifunga mizigo ya mikoba. Baada ya maamkizi tulimuuliza kama anamjua Profesa Ali Mazrui.

"Si mwana wa Sheikh Al-Amin, mzee?" akatujibu. Kitabu chake hata kimoja hajakisoma.

Jibu lile limetushughulisha. Profesa alizaliwa Mombasa 1933, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, akasomesha Makerere, kisha Michigan na Binghamton. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika BBC. Mwaka 1986 ikaonyeshwa Uingereza na Marekani filamu yake ya sehemu 9, iliyoeleza kwamba Mwafrika ana urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Lynne Cheney, mkuu wa taasisi ya serikali ya Marekani iliyochangia gharama zake, aliilaani. Na ugomvi ule, kwa maoni yetu, ulizidi kumtangaza. Mwaka 2005 majarida ya Prospect na Foreign Policy yalimtia katika orodha ya wasomi 100 mashuhuri duniani. Alipofariki Marekani, Oktoba 2014, alirudishwa kuzikwa Mombasa.

Umaarufu huo ulipita mlango wa Kiingereza. Baba yake, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947, alipita mlango mwengine: gazeti lake Al-Islah, la 1932, liliandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Si ajabu basi mchuuzi wa leo kumtambua mwana kwa baba.

Hatumlaumu Profesa. Aliwajibu wakubwa wa dunia kwa lugha waliyoielewa, na Kiswahili alikitetea. Lakini fikra yake inahitajika Sanyuanli kuliko Oxford. Kijana yule huswali Ijumaa katika msikiti ulio kando ya kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, huandika hesabu zake kwa Kiingereza, na harusi yake, alitwambia, itafuata ada za kwao. Urithi wa aina tatu anao wote. Bei hupatana kwa Kichina cha kuokoteza, na hapo pengine urithi wa nne umeshaanza.

Swali hilo Profesa hayupo tena kulijibu. Litajibiwa na vijana kama huyu, ikiwa sisi tuliomsoma kwa Kiingereza tutawasomesha fikra zake kwa Kiswahili. Deni hilo ni letu. Mwenyezi Mungu amrehemu.